Mgeni Hayupo, Sehemu ya Saba: Msumeno Ukianza

Kitendawili!

Sijawasikia. Kitendawili! Haya, hapo sawa. Nina mgeni chumbani, hana mama hana baba, hali wala halali, na watu wamevunja mlango wamekuja kumwua.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nipeni mji mkubwa wenye soko na hospitali, maana hiki si cha kitoto. Asanteni. Jibu lake ni mtu wa kutungwa. Mtu aliyezaliwa kichwani mwa binti mmoja tu, akaandikwa, basi. Na kwa ajili yake leo damu itamwagika.

Twendeni ndani haraka, wajukuu zangu, kwa sababu wiki iliyopita tuliuacha mlango ukiwa hewani.

Ulitua juu ya meza. Mguu wa meza ukavunjika, vikombe vikatawanyika, na Wembe akajikuta amekaa sakafuni. Wembe ndiye mkuu wa kikundi, binti wa mwaka wa mwisho wa sheria, na jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi wake. Kando yake, chini ya kabati la mafaili, alikuwa amejikunja Miwani, mwanafunzi wa historia, kijana anayeogopa kila kitu mpaka mende.

Wakaingia wanaume wawili.

Wa kwanza alikuwa jitu lenye nundu shingoni. Wa pili alikuwa mfupi, safi, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, na mkononi ameshika nyundo ndogo aliyoiviringishia kitambaa. Alitafuta kiti kizima, akakifuta vumbi, akakaa.

"Hamjambo, wapwa zangu? Niiteni Mjomba."

"Mlango ulikuwa wazi, Mjomba," Wembe akasema. "Ungesukuma tu."

Nundu akautazama mlango, akamtazama mkubwa wake. "Kumbe ulikuwa wazi, Mkuu?"

"Nyamaza."

Chumba hicho kiko juu ya karakana ya seremala. Ndiyo maana wanafunzi wale walikipata kwa urahisi: nani mwingine angekubali kusoma juu ya msumeno wa umeme? Ukiwashwa, sakafu inatetemeka na mtu akipiga yowe, jirani hasikii. Ukizimwa, hata kikohozi kinafika barabarani.

Mjomba alikuwa ameshalijua hilo. Aliinua kidole kimoja, akasikiliza. Kimya. Akasubiri.

Msumeno ukaanza.

"Sasa," akasema.

Nundu akamvuta Miwani kwa mguu kutoka chini ya kabati, akamsimamisha, akamtandika ngumi ya tumbo. Ya pili ikampata mdomoni. Ile miwani nene ikaruka, Nundu akaikanyaga. Msumeno ulipozimwa, naye akaacha, mkono ukiwa bado juu, kama mtu aliyeambiwa apumzike.

"Mnaona?" Mjomba akasema kwa upole. "Tunafanya kazi kwa zamu na mafundi. Sasa tuzungumze."

Akatoa simu mfukoni, akasoma kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. "MGENI. Mkuu wa masijala ya siri. Mtu wa makamo, mpole, hana adui. Siri za nchi huzitoa ofisini zikiwa zimeandikwa kwenye bandeji, mkononi mwake, juu ya kidonda ambacho hakipo." Akainua macho. "Nimeitoa kwenye tovuti yenu. Nauliza, huyu mgeni aliyewaletea habari hii ni nani?"

"Mgeni hayupo," Miwani akajibu, damu ikimtoka mdomoni.

"Naona hayupo. Naona mko wawili. Nauliza amekwenda wapi."

"Hajaenda popote, Mjomba. Hayupo."

"Hajaenda popote, na hayupo."

"Ndiyo."

"Unanitania?"

"Hapana! Wallahi, mgeni hayupo, hajawahi kuwepo, na hata angekuwepo asingekuwepo!"

Msumeno ukaanza. Nundu akakishika kidole kidogo cha Miwani na kukikunja upande usiokunjika. Kilisikika kuvunjika hata na kelele ile.

Ngojeni niwaeleze wale ambao sehemu za nyuma ziliwapita. Kikundi hiki hakina bosi wala mshahara. Ni wanafunzi tu, kazi yao ni kuchunguza jinsi nchi zinavyoibiwa siri na jinsi wezi hao wanavyonaswa, halafu wanaandika ripoti zao na kuziweka wazi, asome anayetaka. Sasa wana mtindo wao. Kila mwezi, kati ya visa vya kweli, wanaingiza kisa kimoja cha uongo, jasusi wa kubuni, ili wanachama wapya wapate mazoezi ya kumnusa. Jasusi huyo wanamwita mgeni, kwa sababu ameingia kati ya wenyeji na hatakiwi kulala. Jioni wanamfuta.

Mwezi huu mgeni alitungwa na Wembe. Na aliyepewa kazi ya kumtuma kwa wanachama wapya alikuwa Miwani, ambaye kwa haraka zake alimweka kwenye ukurasa wa watu wote, pamoja na ripoti za kweli. Akakaa hapo asubuhi nzima. Mle ndani ya kikundi kila mtu anajua mgeni ni nini. Huko nje, ukisema mgeni kwenye mambo ya ujasusi, watu wanatafuta pasipoti.

"Ni wa nchi gani?" Mjomba akauliza, kama vile amenisikia.

"Si wa nchi yoyote!" Wembe akadakia. "Nimemtunga mimi. Ni zoezi la wanafunzi. Mgeni kwetu ni mtu wa uongo. Uliza mwanachama yeyote."

Mjomba akatikisa kichwa taratibu, kama daktari.

"Mkuu wa masijala umemtunga. Sawa, kila ofisi ina masijala. Upole umeutunga. Wapole wako wengi, mimi mwenyewe mpole. Lakini bandeji?" Akasogeza kiti mbele mpaka magoti yake yakagusana na ya Wembe. "Mpwa wangu, nimeifanya kazi hii tangu hujazaliwa. Bandeji haitungwi. Nani alikuambia habari ya bandeji?"

Wembe akafumbua mdomo aseme ameitunga.



Lakini palepale aliona meza ya nyumbani kwao, na Mama yake amerudi kazini, anavua viatu na kucheka peke yake. Mama yake ni muuguzi, zahanati iko mtaa wa pili kutoka hapo. "Leo kaja tena yule bwana wangu wa bandeji," Mama alisema. "Mkono mzima kabisa, mlaini kama wa mtoto, lakini lazima nimfunge. Na bandeji ya zamani hataki itupwe, eti dereva wake atapita kuichukua. Sijui anazitunza, ziwe ukumbusho!" Walicheka wote. Na siku chache baadaye Wembe akakaa kutunga, bandeji ikamjia kichwani, akadhani ni ya kwake.

Hakutunga. Aliambiwa. Na aliyemwambia ndiye mtu pekee aliyenaye duniani.

Sasa mnaelewa? Swali lilikuwa lile lile, ila jibu lilikuwa limegeuka. Dakika moja nyuma hakuwa na la kusema. Sasa analo, na akilisema, Mama yake haioni jioni.

"Umekumbuka," Mjomba akasema.

"Nimekauka koo. Nipe maji, nitasema."

Mjomba akaashiria kwa kidevu. Kwenye rafu kulikuwa na birika la umeme, lilikuwa linachemka tangu kabla mlango haujavunjwa, wale maskini walitaka chai. Wembe akalishika. Msumeno ulikuwa unanguruma. Akangoja. Akajifanya anatafuta kikombe kizima.

Msumeno ukazimwa.

Akamgeukia Nundu na kummwagia birika zima usoni.

Nyie! Yowe alilopiga jitu lile, hata mbao kule chini zilisikia. Akajishika macho, ngozi ya shavu ikabaki kwenye kiganja. Wembe akalibamiza birika kichwani mwa Mjomba, nywele zake zilizochanwa vizuri zikafumuka, damu ikachirizika mpaka kwenye vifungo vya shati, na binti akaruka juu ya mlango ulioanguka, huyo, ngazi mbili mbili.

Kutoka karakana sauti ikapaa. "Nyie wanafunzi! Leo mnachinja ng'ombe?"

Mjomba, damu usoni, akatoa kichwa dirishani. Si kizima, upande mmoja tu, ule uliokuwa safi. "Samahani sana, fundi! Maji ya moto yamemwagika!"

"Aa, poleni! Pakeni asali!"

Na msumeno ukaendelea.

Kwenye ngazi Wembe alikuwa na simu sikioni. Polisi hawakumjia hata akilini.

"Mama! Toka kazini sasa hivi. Usipite nyumbani. Nenda kwa shangazi, ukae huko huko."

"Wewe, mbona unahema? Uko wapi?"

"Niko kikundini, lakini usi... Mama, nenda tu!"

"Ni ile habari ya bandeji?" Mama akauliza. "Nimeisoma asubuhi. Nilipoisoma tu nikaacha kucheka."

Wembe akasimama. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye komeo la geti, upande wa pili aliona miguu ya wapita njia. Alitaka kusema neno, lakini juu yake alisikia akiitwa.

"Mpwa wangu! Tazama juu, tafadhali."

Dirisha la ngazi, kando ya geti, limetazama uani. Kutoka dirisha la chumba, Miwani alikuwa ananing'inia kichwa chini, shati limemfunika uso. Nundu alikuwa amemshika kifundo kimoja cha mguu. Kimoja tu, kwa sababu mkono mwingine ulikuwa umelishika shavu lake lililoungua. Chini uani zilikuwa zimesimamishwa mbao, ncha juu.

"Rafiki yako si mwembamba kama anavyoonekana," Mjomba akasema. "Na kijana wangu anaumwa, umemwunguza wewe mwenyewe. Sijui atavumilia mpaka lini."

"Kimbia, Wembe!" Miwani akapiga kelele ndani ya shati. Halafu, sauti ikapungua. "Lakini si haraka sana, jamani."

Wembe akakata simu. Akaliachia komeo. Akapanda.

Juu hakupewa nafasi ya kusema neno. Nundu alimtupa Miwani ndani kama gunia, akamshika binti nywele na kumgongesha uso kwenye ukuta, mara ya kwanza, mara ya pili. Jino likatoka. Wembe akalitema, likalia sakafuni kama kifungo.

Mjomba akaokota simu ya binti, akatazama namba ya mwisho. Bega likaanza kumtetemeka. Alikuwa anacheka.

"Mama," akasoma. "Badala ya polisi umempigia mama! Na hawa ndio wataalamu wa usalama wa taifa!" Akaigeuza simu kifudifudi juu ya rafu. "Nami nimewaogopa nyinyi tangu asubuhi."

Wembe akashusha pumzi. Mjomba hakuunganisha Mama na bandeji. Jibu alikuwa amelishika mkononi, akaliweka juu ya rafu.

Lakini Wembe alipoinua uso alikutana na jicho la Miwani. Siku ile mezani Miwani alikuwepo. Alikuwa amekuja kusoma, akakaa kula, na ndiye aliyecheka kuliko wote habari za bwana wa bandeji, mpaka akapaliwa, Mama akampiga mgongoni. Sasa naye amekumbuka. Ilionekana usoni mwake, wazi kama bango.

Na Mjomba aliliona bango.

"Ahaa," akasema. "Kumbe mnajua wote wawili."

Akakifungua kile kitambaa, nyundo ikabaki tupu. Nundu akamlaza Miwani chali, akamkalia kifuani, akaunyoosha mguu wake juu ya kile kipande cha meza. Mjomba akapiga goti kando yake na kugusa kifupa cha goti kwa nyundo, taratibu, kama anayepima ukuta kabla ya msumari.

"Msumeno ukianza," akasema, "nakipasua."

Kimya.

Mafundi kule chini walikuwa wanapima ubao. Walisikika wakibishana. "Kata hapa." "Siyo hapo, umeshika ubao kinyume." "Wewe kalamu yako iko wapi?" Chumbani hakuna aliyepumua. Hata Nundu alikuwa ametega sikio.

"Nitasema," Miwani akanong'ona.

"Miwani!" Wembe akafoka.

"Nitasema, nimechoka! Niliona mimi. Niliisoma kwenye kitabu, nikamwambia yeye aandike."

"Kitabu gani?"

"Cha... cha historia."

"Kinaitwaje?"

"Kilikuwa kimechanika jalada."

Mjomba akamtazama kwa huruma ya kweli, nawaambieni, huruma kabisa. "Mwanangu, wewe ni mwoga. Nilikuona tangu naingia, ulikuwa chini ya kabati. Na mwoga wa namna yako hadanganyi mbele ya nyundo ila kuna mtu anamficha. Mtu anayempenda sana." Akageuza kichwa, akamtazama Wembe. "Nyinyi nyote wawili."

Na hapo msumeno ukaanza.

Nyundo ikashuka. Goti la Miwani likapasuka kama yai, kijana akafungua mdomo wote lakini kilichotoka ni sauti ya msumeno. Mjomba akainua nyundo tena. Wembe akajirusha, akalishika shavu lile lililoungua la Nundu kwa kucha zake zote, akavuta. Nundu akambeba na kumtupa kwenye kabati la mafaili, kabati likamwangukia, makaratasi ya miaka yote yakamwagika juu yake, na kati ya makaratasi yale damu ikaanza kutafuta njia.

"Nani?" Mjomba alikuwa anapiga kelele sasa, upole umemwisha, mishipa imemsimama shingoni. "Nani aliwaambia habari ya bandeji? Nani?"

Nyundo ikashuka tena, safari hii kwenye mkono. Wembe, kabati kifuani, alitikisa kichwa. Miwani, macho meupe, alitikisa kichwa. Mwoga yule, wajukuu zangu! Anayeogopa mende!

"Basi," Mjomba akasema. "Cha tatu ni kichwa."

Ndani ya kelele ile, nani angesikia viatu kwenye ngazi?

Msumeno ukazimwa.

Na pale palipokuwa mlango, amesimama mwanamke mwenye sare nyeupe ya uuguzi, anahema, amejishika ubavu kama mtu aliyekimbia. Nyie mwambieni mzazi aende kwa shangazi, mwone kama hatakuja mbio.

"Mama, umepotea," Nundu akamwambia. "Shuka."

Mama akamtazama kwanza Miwani. "Hilo goti usilikunje, mwanangu. Liache lilivyo." Kisha akalitazama kabati na mkono wa binti yake uliotokeza chini yake. Akamgeukia mwenye nyundo.

"Wewe, baba. Nilisikia unauliza tangu niko ngazini. Umeuliza nini?"

"Mama, usiseme!" Wembe akalia. "Huyu hanijui! Simjui mama huyu!"

Mjomba akasimama taratibu. Akaitazama sare. Akaitazama simu pale juu ya rafu. Akamtazama binti. Unaona kabisa mambo yanajipanga kichwani mwake, moja baada ya jingine.

"Nimeuliza," akasema, sauti imekuwa ya chini tena, "nani aliwaambia watoto hawa habari ya bandeji."

Mama akafungua kifungo cha mkono wa sare yake. Akaukunja taratibu mpaka kwenye kiwiko. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji safi, kutoka kifundo mpaka juu, bila tone la damu, bila kidonda.

"Mimi," akasema. "Na ya leo ya yule bwana sikumpa dereva wake. Ndiyo hii."